Viti Vitatu vya Shaba

Kabla ya kesi ya Shemwindo kusikilizwa, wafu wote walifufuliwa.

Kila ninapoirudia hadithi ya Mwindo, hadithi kubwa ya Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, hapo ndipo ninaposimama. Vita vimekwisha. Kijiji cha Tubondo kimeteketea kwa moto wa radi. Baba aliyetaka kumuua mwanawe amekamatwa na kurudishwa, na hakuna aliyebaki wa kumzuia kijana asimalize kazi pale pale. Lakini shangazi yake, Iyangura, anamtaka awarudishe kwanza watu waliokufa. Mwindo anachukua usinga wake, anapita penye mifupa, anaigonga mmoja mmoja. Kazi hiyo inachukua siku tatu. Aliyekufa na mimba anaamka na mimba yake. Aliyekufa akisonga bugali anaamka akiendelea kusonga. Hata waliokufa katikati ya ugomvi wanaamka wakigombana. Kijiji kinarudi kama kilivyokuwa, na moshi wake na kelele zake. Ndipo baraza linapoitwa.

Shangazi yule alijua jambo. Mtu aliyewaumiza wengi hawezi kuhukumiwa mbele ya majivu. Ahukumiwe mbele ya wale wale aliowaumiza, wawe wamekaa, wamefumbua macho, wanamsikia. Sisi hatuna usinga wa namna ile. Masisi na Walikale, maeneo mawili jirani yaliyoumizwa na vita, waliolala wamelala. Waliobaki wapo, na hao wana midomo na kumbukumbu.

Hadithi hii iko kwenye karatasi leo kwa sababu ya mtu mmoja aliyekubali kuiimba mpaka mwisho. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, She-Karisi Rureke aliisimulia, akaiimba na kuicheza kwa siku 12, huku mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika mpaka mikono ikachoka. Kitabu kilitoka mwaka 1969 huko California, na kwenye jalada jina la Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, liko pamoja na la Biebuyck. Masimulizi ya namna hiyo Wanyanga huyaita karisi. Msimulizi hafungwi na maneno ya mwenzake. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Mwindo, na Mwindo wa huku si sawa na Mwindo wa kule. Kila fundi humchukua shujaa yule yule na wanyama wale wale, akawapeleka anakotaka yeye. Rureke hata alijitia mwenyewe ndani ya wimbo. Mimi hapa nafuata njia yake, maana ndiye aliyeziweka kesi mbili ndani ya hadithi moja, na kesi ya pili ndiyo inayonisukuma niandike.

Shemwindo alikuwa mwami, yaani mfalme, wa Tubondo, mwenye wake saba. Siku moja aliwakusanya wake zake na watu wake akatoa amri: nyumbani kwake wazaliwe wasichana tu. Atakayezaliwa mvulana atauawa. Amri ilitolewa hadharani, mchana, watu wakasikia, wakatawanyika. Sababu haihitaji kuelezwa kwa msikilizaji wa milima ile. Binti huleta mahari, na mwana wa kiume siku moja atakuja kukaa kwenye kiti cha baba.

Wake sita walizaa wasichana. Wa saba, kipenzi cha mwami, mimba yake ikakaa na kukaa, na nyumbani kwake mambo ya ajabu yakaanza: kuni zinafika mlangoni bila mchanja kuni, maji yanafika bila mchota maji. Mtoto alikuwa akitoka tumboni, anafanya kazi, anarudi. Alipozaliwa alitokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, akicheka na kuongea, mkononi ana usinga wa mkia wa nyati na tezo, begani ana mkoba. Wakamwita Mwindo, na jina la utani Kabutwa-kenda, yaani aliyezaliwa akatembea.

Nyenje aliyekuwa ukutani ndiye aliyekwenda kumpasha habari mwami. Shemwindo akachukua mikuki, akairusha ndani ya nyumba ya uzazi. Usinga ukaikwepesha, ikaishia kwenye nguzo. Akaamuru mtoto azikwe. Kaburi likatoa mwanga usiku kama jua, na asubuhi mtoto yuko kwa mama yake. Akaagiza mzinga wa ngoma uchongwe, mtoto atiwe ndani, ngozi iwambwe juu, ngoma itupwe kwenye kina cha mto. Ngoma ikaelea na kuimba. Mtoto akasafiri ndani ya maji, akawapita samaki na nyoka wa kilindini, mpaka kwa shangazi Iyangura, aliyekuwa ameolewa na Mukiti, joka la mto. Huko nako mlinzi mmoja, Kasiyembe, alimchimbia mashimo yaliyojaa nyembe. Kalunguyeye akamtobolea njia ya chini kwa chini, buibui akamtandazia daraja juu ya mashimo. Mwindo akamshinda Kasiyembe akafa. Shangazi akamwombea, na Mwindo akamfufua.

Mtoto wa Kinyanga aliyelala chali karibu na moto akisikia haya alijifunza bila kufundishwa kwamba dunia imejaa macho. Nyenje anasikia. Buibui anakumbuka wema. Radi ina urafiki na watu, tena ina urafiki na wengine usiowajua. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mwindo alirudi Tubondo na wajomba zake popo, wahunzi waliomfulia mavazi ya chuma. Akaita radi, radi ikapiga, kijiji kikawaka. Baba akatorokea chini ya ardhi kupitia mzizi wa mmea. Mwana akamfuata mpaka kuzimu kwa Muisa, akalima migomba na kurina asali kwa amri ya Muisa kama adhabu juu ya adhabu, kisha mpaka kwa Sheburungu, Mungu mwenyewe, wakacheza kamari ya kokwa. Akapoteza kila kitu, akakirudisha kila kitu kwa usinga wake. Mwisho akamshika baba yake, akamrudisha juu, na wafu wakafufuliwa, kama nilivyosema.

Sasa kesi yenyewe.

Mwindo alipaza sauti kwa rafiki yake Nkuba, ambaye ndiye Radi, amletee viti vitatu vya shaba. Vikashuka kutoka mbinguni, vikasimama hewani juu ya ardhi, na watu watatu wakavikalia: Shemwindo, Iyangura na Mwindo. Machifu, wazee na watu wote wakakusanyika chini yao. Yule mwenye mikuki, kaburi na ngoma hakuketishwa mavumbini wala hakufungwa kamba. Alipewa kiti cha shaba kama mwanawe, akaambiwa aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu wake, alichofanya na kwa nini.

Jasho likamtoka. Akasema. Akaisimulia amri aliyotoa, wake waliozaa wasichana, kipenzi chake aliyezaa mvulana, mikuki, kaburi, ngoma, kukimbia kwake. Hakuna hakimu aliyemsomea mashitaka. Hakuna shahidi aliyelazimika kumpinga, maana wote aliowatesa walikuwa pale wakimtazama. Iyangura akasimama akamkemea ndugu yake mbele za watu: kuwagawa watoto, huyu wa kupenda na yule wa kuua, ndiko kulikoleta moto huu wote. Mwindo hakudai damu. Shemwindo akautoa ufalme kwa mwanawe, akaenda kukaa mlimani.

Msimulizi aliyechoka angeweza kumalizia hapo. Haki imetendeka, mwana amepata kiti, watu wako hai, moto wa jikoni unawaka. Rureke aliendelea.

Mwindo, sasa mwami, alitamani nyama ya nguruwe mwitu. Akawatuma wawindaji wake, Watwa, msituni. Huko wakakutana na Kirimu. Jina lenyewe lina undugu na maneno yetu ya Kiswahili: shina linalotupa mzimu na zimwi ndilo hilo hilo linalowapa Wanyanga Kirimu. Alikuwa na ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba. Akameza watatu, mmoja akatoroka, akaleta habari. Mwindo akaenda, usinga mkononi, akamuua. Watu wakaikata nyama, na macho yalipookwa yakapasuka, na kila tone likatoa watu, wakubwa kwa wadogo, waliokuwa wamemezwa.

Ukimuuliza mtu yeyote hapo kama Mwindo ametenda haki, atasema ndiyo. Kirimu alikuwa mla watu. Waliomezwa wametoka. Angekuwa mwanajeshi wa leo, angepewa nishani.

Lakini harufu ya nyama ilipanda mpaka kwa Nkuba. Kirimu alikuwa rafiki yake wa damu, walikuwa wamechanjana. Nkuba huyu ndiye aliyeichoma Tubondo kwa ombi la Mwindo. Ndiye aliyeshusha vile viti vya shaba ili haki ya Mwindo isikike. Alikuwa upande wa kijana tangu vita vilipoanza. Na alishuka kumkamata.

Sijawahi kusikia hadithi nyingine ambamo mlinzi wa shujaa ndiye anayekuja na pingu. Nkuba hakusema: huyu ni wetu, tumwache. Wala hakumpiga gizani akaondoka. Alifika waziwazi, akataja kosa, akampandisha mshitakiwa mbinguni. Huko Mwindo alitumikia mwaka mzima. Mvua ikamnyeshea tena na tena. Jua likamchoma, na mbele ya Jua yule bingwa wa usinga hakuwa na kinga yoyote. Akazunguka kwa Mwezi na kwa Nyota, na kila alikofika alikemewa. Alisikia baridi na njaa, akayaona mambo ambayo wanadamu hawayaoni. Akapewa sharti: asiue tena mnyama wa porini wala wa kijijini, hata mdudu mdogo. Mwaka ulipotimia, Nkuba akamrudisha nyumbani. Mwindo akawaita watu wake wote akawasimulia yaliyompata, kisha akawawekea sheria za kuishi: walime vyakula vya aina nyingi, wajenge nyumba nzuri, wasitamani wake wa wenzao, wasimcheke mgonjwa, na heshima kati ya mwami na watu iende pande zote mbili.

Nkuba si jina tupu kwa watu wa kule. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliohesabu miale ya radi kwa satelaiti kwa zaidi ya miaka kumi, uliiweka Kabare ya Kivu Kusini nafasi ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela; na Sake, mji ulio kwenye mlango wa Masisi, ulipata miale zaidi ya 140 kwa mwaka kwenye kila kilomita moja ya mraba. Mtu anayelima Masisi au kuchunga ng'ombe kwenye vilima vile anaishi chini ya Nkuba kila msimu wa mvua. Na radi inapoua, mara nyingi swali la kwanza kijijini ni: nani ameituma? Marehemu anasahaulika, anatafutwa mtu. Mama mzee anayekaa peke yake. Jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mahali pengine katika Kivu zote mbili swali hilo limeishia kwa mtu kuchomwa moto kabla jogoo hajawika.

Huko ng'ambo, mashabiki wa katuni na michezo ya kompyuta walibuni kesi inayofanana na hii kwa namna ya kushangaza. Walimchukua Phoenix Wright, wakili wa mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 2001, wakamwingiza katika ulimwengu wa farasi wenye uchawi wa My Little Pony. Filamu yao, Turnabout Storm, ilitoka vipande vipande kuanzia mwaka 2011. Farasi mwenye mabawa, Rainbow Dash, anashitakiwa kwa kumuua mwanariadha mwenzake kwa radi, ndani ya msitu. Ana uwezo wa kuchezea mawingu, basi inaonekana ndiye. Kazi yote ya wakili ni kuwazuia watu wasiruke kutoka kwenye "anaweza" hadi kwenye "amefanya". Mashabiki hao na Rureke hawakuwahi kusikiana, na wote waliiweka radi mahakamani. Tofauti ni moja. Farasi yule ana wakili, na mtazamaji anajua kwamba hana hatia. Mwindo hana wakili, na kweli aliua.

Kumtetea asiye na hatia ni kazi ngumu, lakini moyo unajua inakoelekea. Kumwita barazani yule aliyekuokoa, ukamwambia akae kwenye kiti na aseme, huko moyo unagoma. Milima ya Masisi na misitu ya Walikale imeumizwa sana na kugoma huko.

Tarehe 20 Machi 1993, wanamgambo waliwashambulia watu wa jamii za Kinyarwanda waliokuwa sokoni Ntoto, Walikale. Vijana waliofanya vile walijiona wanailinda ardhi ya mababu. Moto ukavuka mpaka ukaingia Masisi, kila upande ukapata wafu wake na mashujaa wake, na maelfu wakafa ndani ya miezi michache. Hakuna viti vya shaba vilivyoshuka Ntoto. Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti yake ya uhalifu wa Kongo tarehe 1 Oktoba 2010, ripoti iliyoorodhesha matukio 617, ilianzia mwaka ule wa 1993, mwezi ule wa Machi. Kwa maneno mengine, watu waliokuwa wakitafuta chanzo cha msiba wote wa nchi walirudi mpaka Walikale na Masisi.

Mwaka huo huo wa 2010, miezi miwili kabla ya ripoti kutoka, Walikale ilikuwa imeongeza ukurasa. Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mwana wa Walikale, Mnyanga, mtu wa biashara ya madini katika nchi ya bati ya Bisie. Mwaka 2009 aliunda kundi ambalo ndani ya jina lake kuna neno ulinzi: Nduma Défense du Congo. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wake pamoja na wa FDLR, waasi wa Kihutu wa kutoka Rwanda, na wengine waliingia katika vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi ikiwa mojawapo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Watu 116 walichukuliwa kubebeshwa mizigo, nyumba 923 zikaporwa. Waliotendewa hayo walikuwa watu wa ardhi ile ile, ambao neno ulinzi liliwahusu.

Januari 2011 hati ya kumkamata ilitolewa. Mwaka huo huo, jina lake likiwa kwenye hati, aligombea ubunge. Akaendelea kuwa msituni miaka mingine sita. Tarehe 26 Julai 2017 alijisalimisha kwa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Kesi ikafunguliwa Goma tarehe 27 Novemba 2018, mbele ya mahakama ya kijeshi, na waliotendewa wakaja kusema. Fikiria safari hiyo: kutoka kwenye vijiji vya msituni, kwa barabara inayomeza malori, mpaka mji wa majabali meusi ya volkano, ili mtu aseme mbele ya watu wasiomjua jambo ambalo nyumbani hata mama yake pengine hakuambiwa. Kazi ya Mwindo ya kugonga mifupa kwa siku tatu, hao waliifanya kwa midomo yao. Tarehe 23 Novemba 2020 Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu wa kivita: mauaji, ubakaji, utumwa wa kingono, kuwaandikisha watoto vitani.

Miaka kumi. Hati ilikuwapo, jina lilijulikana, mahali alipo palijulikana. Kilichokosekana ni Nkuba, yaani mtu wa upande wake ambaye angeshuka na kusema: wewe ni rafiki yangu, nilikupigania, na sasa twende.

Jambo hilo halina kabila. Bosco Ntaganda alikulia Ngungu, Masisi, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa na nguvu kubwa katika milima ile. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimtia hatiani mwaka 2019 kwa makosa 18 na kumpa miaka 30. Makosa yote yale yalitendeka Ituri, mwaka 2002 na 2003. Yaliyotendeka Kivu hayamo kwenye hukumu ile hata moja. Mjane wa Masisi aliyesikia redioni kwamba Ntaganda amefungwa alifurahi kwa ajili ya wajane wa Ituri.

Na Walikale hadithi ilizaa hadithi. Naibu wa zamani wa Sheka, Guidon Shimiray Mwissa, alijitenga naye na kuunda tawi lake la kundi lile. Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Februari 2018, na mwaka 2019 vyombo vya sheria vya Kongo vikatoa hati ya kumkamata. Mei 2022 alikuwa mwenyeji wa mkutano wa makundi yenye silaha huko Pinga, na baada ya hapo wapiganaji wake wakahesabiwa upande wa jeshi la taifa dhidi ya waasi wa M23. M23 nao waliichukua Masisi mjini mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na tarehe 19 Machi wakaingia Walikale mjini kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila upande una Kirimu wake, mwenye vichwa saba, anayemeza watu, na kila upande una wimbo wa yule anayekwenda kumuua. Nimezisikiliza nyimbo hizo. Sikuusikia ndani yake mwaka wa mbinguni.

Siwadharau wanaoimba. Mtu ambaye shamba lake limechomwa mara tatu humpenda anayeshika bunduki upande wake, na sina haki ya kumwambia asimpende. Nkuba naye alimpenda Mwindo. Hakuna mahali katika simulizi ya Rureke panaposema urafiki wao ulikufa. Rafiki ndiye aliyempandisha na rafiki ndiye aliyemteremsha. Hicho ndicho ninachotamani wazee wa Wanianga na Bakano kule Walikale, na wa Bashali, Bahunde, Osso-Banyungu na Katoyi kule Masisi, wawasimulie wajukuu wao, popote walipo sasa, shambani au kwenye kambi za wakimbizi chini ya turubai. Wasimulie kwamba Mwindo hakulalamika kuwa Kirimu ndiye aliyeanza. Wasimulie kwamba hata joka lenye vichwa saba lilikuwa na mtu wa kulililia. Na mjukuu akiuliza kwa nini shujaa anyeshewe mvua ilhali ameokoa watu, wasimkatize. Swali hilo ni zuri, na linastahili usiku mzima.

Ni rahisi kuikata hadithi mahali macho ya Kirimu yanapopasuka juu ya moto na watu wanatoka wakiwa wazima. Wasikilizaji wanashangilia, watoto wanapiga makofi, msimulizi anapewa pombe yake na kwenda kulala akiwa amependwa na wote. Kule Bese, mwaka 1956, Rureke alifika hapo. Bado kulikuwa na mwaka mzima wa kusimulia.